Juu ya nini hawakumpasua? Historia ya kisu, kidonge na mishipa ya ubongo

Wiki hii zamu ya historia imetufikia sisi tunaojitolea upande wa afya. Someni polepole, ni ndefu kidogo.

Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anaamka asubuhi mkono hausikii. Mdomo umeenda upande, maneno hayatoki. Wengine tunasema kiharusi, wengine stroke, wengine amepigwa na presha, na wapo wanaonong'ona kwamba katupiwa kitu. Akifa, au akibaki wa kulala kitandani, swali linalokuja kwenye kilio ni lile lile: "Juu ya nini hawakumupasua? Wangemufikisha Kampala wakafungua kichwa, si angepona?"

Swali hili lina bei. Kuna familia zinauza mbuzi, zinakopa, zinatoa hata shamba la kahawa ili kukodi gari. Na sisi tuko katikati: muganga anaongea Kiingereza, mama wa mgonjwa anasikia Kinande na Kiswahili, tunatafsiri. Sasa utatafsiri vipi kitu ambacho mwenyewe hukielewi? Ndiyo maana tumetafuta historia yake: huo upasuaji wa mishipa ya ubongo ulitoka wapi, uliweza nini, na ulishindwa wapi.

Magonjwa matatu, jina moja

Kwanza tutenganishe, maana jina "stroke" limebeba vitu zaidi ya kimoja.

Cha kwanza, mshipa unaziba. Donge la damu linakwama, na ile sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu pale inaanza kufa. Cha pili, mshipa mdogo ndani ya ubongo unapasuka, mara nyingi baada ya miaka mingi ya presha kali, na damu inamwagika ndani. Cha tatu, mshipa mkubwa chini ya ubongo unafura upande mmoja kama kibofu kidogo. Madaktari wanakiita aneurizimu. Kikipasuka, mtu anashikwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyaona maishani.

Kwa nje, kuziba na kupasuka vinaweza kufanana kabisa. Lakini dawa ya kuyeyusha damu inayomsaidia wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Kumbukeni hapo, tutaparudia.

Watu walijua lini haya? Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Wepfer, aliandika kwamba baadhi ya watu walioanguka ghafla na kufa walikutwa na damu iliyomwagika ubongoni. Mwaka 1664 Mwingereza Thomas Willis akaeleza ile pete ya mishipa iliyo chini ya ubongo, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Pete hiyo inafanya kazi kama njia panda: barabara moja ikifungwa, damu inaweza kuzungukia nyingine, siyo kila mara lakini. Hao wawili walijifunza kwa kufungua maiti. Kwa mtu aliye hai hawakuwa na la kumfanyia.

Na tusidhani kufungua kichwa kulianzia Ulaya tu. Hapa hapa Afrika Mashariki, kwa Wakisii wa Kenya, kulikuwa na mafundi wa jadi waliofungua fuvu la mtu mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha, hasa baada ya kupigwa. Walikwangua mfupa kwa uangalifu, na wagonjwa wengi walibaki hai. Lakini wao waliishia kwenye mfupa. Mishipa iko chini zaidi, na kule hakuna aliyekuwa anaona.

Kuona kwanza, kukata baadaye

Mwaka 1927, mjini Lisbon, Ureno, daktari Egas Moniz alipata wazo: tuingize kwenye mshipa wa shingo maji yanayoonekana kwenye picha ya eksirei, kisha tupige picha haraka kabla hayajapita. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa viungo, kwa hiyo kazi ya mikono ilifanywa na daktari kijana, Almeida Lima. Haikuwa kazi safi. Mgonjwa mmoja alikufa wakati bado wanatafuta dawa ya kufaa. Mwishowe picha ikatoka, na kwa mara ya kwanza mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana kama matawi ya mti.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mwaka 1931, Edinburgh, daktari Norman Dott alimfungua mtu ambaye kibofu cha mshipa wake kilikuwa kinavuja. Alichukua kipande cha nyama ya paja la mgonjwa mwenyewe, akakizungushia pale panapovuja kama mtu anayefunga bomba kwa kitambaa. Mgonjwa akapona. Tarehe 23 Machi 1937, Baltimore, Marekani, Walter Dandy alifanya kubwa zaidi: alibana shingo ya kile kibofu kwa klipu ndogo ya fedha, damu isiingie tena humo. Mgonjwa alikuwa na miaka 43, na jicho lake moja lilikuwa limefunga kwa sababu kibofu kilikuwa kinakandamiza neva. Alipona, na jicho likafunguka.

Hapa ndipo ndoto ilizaliwa. Watu waliona: kumbe mshipa wa ubongo unashikika! Basi kila stroke ni kutafuta fundi tu.

Lakini angalieni miaka minane mbele. Tarehe 12 Aprili 1945, Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, mtu aliyekuwa na madaktari wa jeshi zima la maji chini yake, alisema kichwa kinamuuma sana, akapoteza fahamu. Presha yake siku hiyo ilikuwa imepanda kupita 300 kwa 190. Akafa siku hiyo hiyo kwa damu iliyomwagika ubongoni. Klipu ya Dandy ilikuwepo, nchini kwake. Haikutumika, maana ugonjwa wake haukuwa kibofu kimoja cha kubana. Ilikuwa presha iliyokuwa ikipanda miaka na miaka, na wakati ule hapakuwa na kidonge kizuri cha kuishusha.

Mwaka 1967

Sasa tufike mwaka ambao kwetu sisi ni moyo wa historia hii.

Wazee wetu wa Bukavu wanaukumbuka 1967 kwa jambo lingine. Mamluki wa Schramme waliushika mji ule kuanzia Agosti, na jeshi la taifa halikuurudisha mpaka mwanzo wa Novemba. Upande huu wa mpaka treni ilikuwa inafika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe, na Kagando ilikuwa hospitali changa ya wamisheni.

Katikati ya miezi hiyo hiyo, tarehe 30 Oktoba 1967, mjini Zürich, daktari Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki, alikaa mbele ya darubini akafanya kitu cha ajabu. Alichukua mshipa wa ngozi ya kichwa, akaupitisha kwenye tundu la fuvu, akaushona na mshipa mdogo wa ubongo wenye upana wa milimita chache tu. Kama barabara ya ndani imefungwa, yeye anajenga barabara ya pembeni. Alikuwa amejifunza mshono huo Marekani kwa kufanya mazoezi kwenye mishipa ya mbwa. Dunia ilishangilia, na hospitali nyingi zikaanza kumuiga.

Mwaka huo huo wa 1967, Marekani, kikundi cha daktari Edward Freis kilitoa matokeo ambayo hayakushangiliwa hivyo. Walichukua wanaume 143, wote askari wa zamani, wenye presha kali. Watu 73 walipewa vidonge vya kushusha presha, na 70 vidonge bandia visivyo na dawa. Waliwafuata kwa wastani chini ya miaka miwili. Kati ya wale wa vidonge bandia, 27 walipatwa na mambo mazito: vifo, damu ubongoni, moyo kushindwa, macho kuharibika. Kati ya wale wa dawa ya kweli, 2 tu.

Someni tena: 27 kwa 2. Bila darubini wala kufungua fuvu la mtu.

Kwa hiyo 1967 ilizaa njia mbili. Moja ni ya fundi mwenye mikono ya dhahabu, na nyingine ni ya kidonge kinachomezwa kila siku na mtu ambaye hasikii maumivu yoyote. Ni rahisi kupenda ile ya kwanza. Ina hadithi nzuri, ina shujaa. Ya pili haina shujaa, ina mama anayekumbuka kumeza dawa yake.

Kisu kinapimwa

Madaktari walifanya jambo moja tunaloliheshimu sana: walikubali kuupima ufundi wao. Wagonjwa 1,377 wa njia ya Yaşargil waligawanywa kwa kura, wengine wafanyiwe ule mshono, wengine wapewe dawa peke yake. Majibu yalitoka 1985. Mshono haukupunguza stroke. Upasuaji mzuri hivyo, mishipa ilikuwa inapitisha damu kabisa, lakini watu hawakunufaika kuliko wenzao wa dawa. Hospitali nyingi zikaacha, ukabaki kwa wagonjwa wachache maalum.

Vipi kuhusu damu iliyomwagika kwa presha, ile iliyomuua Roosevelt? Si tungeitoa tu? Ndivyo wanavyofikiri wengi kwenye kilio. Mwaka 2005 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa: wagonjwa 1,033 kutoka nchi 27. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu walitunzwa hospitali kwanza bila kukimbilia kisu. Waliofikia hali nzuri miezi sita baadaye walikuwa asilimia 26 kwa waliopasuliwa na 24 kwa wale wengine. Tofauti ndogo hivyo madaktari hawaihesabu kuwa ushindi.

Tusiseme kisu hakina kazi, huo utakuwa uongo. Ile klipu ya kibofu iliokoa watu na inaokoa bado. Ateri ya shingo pia: tangu miaka ya 1950, huko Houston na London, madaktari walijifunza kuifungua na kuisafisha. Mwaka 1991 ilihakikishwa kwamba mtu aliyewahi kupata dalili, na ateri yake imebanwa asilimia 70 au zaidi, anasaidika kweli: ndani ya miaka miwili stroke ya upande ule ilipungua kutoka asilimia 26 hadi 9.

Halafu kisu chenyewe kikaanza kuachwa. Kuanzia 1990, Mwitaliano Guido Guglielmi, akifanya kazi Los Angeles, aliingia kwenye kibofu bila kufungua kichwa: anapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja hadi ubongoni, anajaza kibofu kwa uzi laini wa platini. Mwaka 2002, katika wagonjwa 2,143 ambao kibofu chao kilikuwa kimepasuka, waliokufa au kubaki tegemezi baada ya mwaka mmoja walikuwa karibu asilimia 24 kwa njia ya mrija na karibu 31 kwa njia ya klipu. Na mwaka 2015 tafiti kadhaa, moja baada ya nyingine, zilionyesha kwamba mrija kama huo unaweza kuvuta donge lililoziba mshipa mkubwa, kama mtu anayetoa kizibo, na wengi wakarudi kutembea. Lakini saa zinahesabiwa. Kwa wengi ni ndani ya saa 6, na wachache waliochaguliwa kwa picha maalum mpaka saa 24. Dawa ya kuyeyusha donge ni saa nne na nusu. Na kabla ya yote lazima picha ya CT skani, mashine iliyopiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Ndiyo inayosema haraka: huyu kaziba, huyu kapasuka. Bila hiyo, daktari anayetoa dawa ya kuyeyusha damu anacheza kamari na maisha ya mtu.

Na Uganda je?

Mwaka 1969 daktari Ian Bailey kutoka Uingereza alianzisha kitengo cha upasuaji wa ubongo Mulago, Kampala. Muda mfupi baadaye akaja Jovan Kiryabwire, raia wa kwanza wa Uganda kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi, wataalamu wengi wakaondoka, vifaa vikazeeka, na kwa miaka mingi watu wachache sana walibeba kazi ya nchi nzima. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa vita inafanya nini kwa hospitali.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilianza kushirikiana na Mulago: kikaleta vifaa, kikafundisha, na baadaye Waganda wakaanza kusomea kazi hiyo hapa hapa nyumbani. Leo Mbarara pia kuna upasuaji wa ubongo, na kwetu ni karibu kuliko Kampala.

Sasa, hawa madaktari wanapasua nini zaidi? Hapa ndipo tulishtuka. Sehemu kubwa ya kazi yao siyo kiharusi cha presha. Ni ajali, hasa za boda boda. Mtu anapiga kichwa chini, mshipa unakatika kati ya fuvu na ubongo, damu inajikusanya taratibu na kuukandamiza ubongo. Hapo kisu kina nguvu kweli kweli. Unatoboa fuvu, damu inatoka, ubongo unapumua. Kati ya upasuaji wote wa damu kichwani, huu ni wa zamani na uko karibu yetu zaidi.

Lakini sisi tunafanya nini? Kijana ameanguka na boda Mpondwe, ameinuka, anaongea. Jioni anatapika, anasinzia. Watu wanasema: "Amechoka, mwache alale, kesho tutaona." Wengine wanasema amelewa. Huyo ndiye alipaswa kukimbizwa usiku ule ule, na ndiye tunayemwacha kwenye mkeka. Halafu mzee aliyemwaga damu ndani kabisa kwa presha ya miaka 15, huyo ndiye tunamuuzia shamba siku ya nne ili akapasuliwe, wakati kisu hakina la kuongeza.

Tunalosema tukitafsiri

Kutoka Bwera hadi Kasese ni karibu kilomita 50, na kutoka Kasese hadi Kampala ni zaidi ya 300. Barabara peke yake inakula nyingi ya zile saa tulizozitaja. Siyo haki, na tuna sababu ya kudai mashine za picha na wataalamu wasogee huku magharibi. Tudai bila aibu. Lakini wakati tunadai, haya tunaweza leo.

Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakichanganyika ghafla: hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi, msianze na maombi ya siku tatu wala na mtu wa mitishamba. Msimpe chakula wala kinywaji, maana kinaweza kuingia kwenye mapafu. Hata bila kisu, hospitali inazuia vifo vinavyokuja baadaye: homa ya mapafu, vidonda vya mgongo, presha kupanda tena. Maumivu ya kichwa yaliyokuja ghafla kama kupigwa na shoka, semeni hivyo hivyo kwa muganga, msipunguze maneno. Aliyepiga kichwa kwenye ajali kisha akaanza kutapika au kusinzia, huyo msimwache alale.

Familia ikiuliza kama wauze shamba, sisi hatuamui. Tunaweza kuwasaidia kumuuliza daktari maswali matatu kabla gari halijakodiwa: ni kuziba au ni kupasuka? Upasuaji upo kwa ugonjwa huu hasa? Na je, muda bado upo? Daktari akisema ndiyo, tuchange wote. Akisema hapana, basi ile pesa inunue chakula cha mgonjwa, godoro zuri, na dawa za wale waliobaki nyumbani.

Maana waliobaki nao wana presha. Wazee wengi wa kwetu hawajapimwa hata mara moja tangu wavuke mpaka. Wengine walipewa vidonge, wakajisikia vizuri, wakaacha. Tunawaambia: kujisikia vizuri ndiyo dawa inafanya kazi, siyo ishara ya kuacha. Wakumbukeni wale wanaume 27 wa vidonge bandia.

Kwa hiyo mtu akiuliza tena kwenye kilio juu ya nini hawakumpasua, tusimjibu kwa hasira, na tusimlaumu aliyefiwa. Tumwambie ukweli kwa upole: kwa ugonjwa ule kisu hakikuwa na njia, hata kwa rais wa Marekani. Halafu, siku nyingine, siyo siku ya kilio, tumuulize yeye mwenyewe alipimwa lini.

Wenye kipimo cha presha wanaoweza kukaa nacho karibu na soko la Mpondwe siku ya gulio, andikeni majina hapa chini. Wa Rwamwanja na Kyaka nanyi mtuambie kwenu inakuwaje. Zamu ijayo ni ya kundi la wasichana.